Muuaji Alikuwa Shemeji

Enzi zetu pale Mabwerebwere, ukitaka kuangalia televisheni ulioga kwanza. Usicheke. Ilikuwa moja mtaa mzima, ya kwetu, inatumia betri ya gari, na Mama hakutaka miguu yenye matope kwenye mkeka wake. Siku ya tamthilia ya mpelelezi watoto tulisuguliwa magaga mapema, mihogo inachemka jikoni, majirani wanaingia mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, mpaka sebule inajaa na wengine wanachungulia dirishani. Mimi nilitumwa nje kuzungusha mwanzi wa antena. "Hapo hapo! Usiguse!" Ukiuachia tu, chenga.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, na aliyekijua ni Baba peke yake, maana alisoma misheni. Alikaa kwenye stuli yake pembeni ya televisheni, akitutafsiria. Lo, Baba yangu! Mpelelezi, lile jibaba lenye miwani lililotafuna karanga kila saa, likisema neno moja, Baba anatoa mahubiri. Likiongea mpaka jasho limtoke, Baba anasema, "Amekataa." Na sisi tunaitikia, "Ahaa!" Mpaka leo, kwangu mimi, mpelelezi yule ana sauti ya Baba.

Watoto wa siku hizi wataijulia wapi raha hiyo? Binti yangu Neema kila kitu anakiangalia peke yake, nyaya masikioni. Ukimwita haitiki mpaka umguse bega. Anacheka mwenyewe, anasikitika mwenyewe, na aliyekaa naye kochi moja hajui kulikoni.

Basi mwezi uliopita nilikuja na Neema nyumbani Mabwerebwere kutoka Mikumi ninakofanya kazi, kumsalimia Mama. Neema akaipata mtandaoni ile sehemu tuliyoipenda kuliko zote, ya tajiri aliyewekewa sumu kwenye supu, akaiunganisha na televisheni ya bibi yake. Mama akajifunga kanga vizuri, akajiweka sawa. Muziki ulipoanza tu machozi yakanitoka. Baba ametutoka siku nyingi, lakini stuli yake ipo palepale.

Tukaangalia mpaka mwisho. Mpelelezi anawakusanya ndugu sebuleni, anatema ganda la karanga, anamnyooshea kidole mjane. Mjane! Nikashtuka. Miaka yote mimi najua muuaji alikuwa shemeji, mdogo wa marehemu. Baba ndiye aliyetutangazia hivyo, maana siku ile mwishoni picha ilijaa chenga, tukabaki tunamsikiliza yeye.

Nikaangua kicheko. "Kumbe Kiingereza cha Baba kilikuwa cha kuombea maji!"

Mama hakucheka. "Baba yako Kiingereza alikijua sana. Hukumbuki nani alikuwa mkekani siku ile?"

Ndipo akanikumbusha. Mama Debora, jirani yetu wa nyuma, alikuwa ndiyo kwanza amemzika mumewe, aliyeugua tumbo na tukamwuguza wote. Lakini mashemeji zake kutoka Malolo walishaeneza kwamba kamtilia sumu kwenye uji. Walitaka aondoke, nyumba ibaki kwao. Watu wakaanza kumkwepa bombani. Mama ndiye aliyemshika mkono kumleta, na alipokaa, wenzake wakasogea, akabaki na upande wake wa mkeka peke yake.

"Sasa Baba yako angesema mjane ndiye muuaji, mbele ya macho yote yale?" Mama akasema. "Alikohoa kidogo, akasema, 'Ni shemeji. Alitaka nyumba.' Halafu mtu akasema, 'Hawa mashemeji hawa!' Kesho yake bombani akatwishwa ndoo na walewale waliokuwa wakimkwepa."

Nilimwonea fahari Baba, na nikaona haya kwa kile kicheko changu.

"Hodi humu!"

Ni Mama Debora mwenyewe, kichwa mvi tupu, na mkongojo wake. Muziki ule aliusikia akiwa barazani kwake. Nikamwamkia, akaitikia huku macho yakiwa kwenye kioo cha televisheni, picha imegandishwa, mpelelezi na karanga yake mkononi.

"Jamani, hii si ile ya supu?" Akakaa. "Neema, mjukuu wangu, wewe ndiye msomi. Eti muuaji alikuwa nani vile?"

Neema alikuwa amejikunja kwenye kiti na simu yake, waya sikioni, na sikujua kama amesikia hata neno moja la bibi yake. Na watoto wa leo kwa kusahihisha wakubwa, hawajambo! Nikamkazia macho. Hakuniangalia.

Akachomoa waya. Akainuka, akaivuta stuli ya babu yake, akakaa pembeni ya televisheni, akakohoa kidogo.

"Ni shemeji, bibi," akasema. "Alitaka nyumba."