Kijiko cha Uduvi Kwenye Choroko za Bapa

Admin, nifichie jina langu na la huyu mzee, maana Kibiti ni ndogo na ukurasa wako unasomwa mpaka sokoni. Nina miaka thelathini na nane, nimeolewa, nina watoto watatu. Kwetu ni Salale, kule Delta, mto unapoingia baharini, ila sasa ni mpishi kwenye mgahawa wa Kihindi hapa barabarani, wenye bekari upande wa mbele. Mnaotaka kunitukana mnitukane tu, mwenyewe nimeshajitukana sana.

Miaka miwili iliyopita alianza kuja mzee mmoja Mhindi, fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Sote tunamwita Bapa, yaani baba kwa lugha yao. Mkewe alikuwa amefariki, na yeye ni Mhindu wa wale wasiogusa nyama, samaki wala yai. Huyo mkewe ndiye aliyekuwa anampikia, kwa hiyo alipoondoka, mzee akabaki anazunguka mji mzima na njaa yake. Keki za bekari yetu zina mayai. Sambusa zetu za viazi zinakaangwa kwenye mafuta yale yale ya sambusa za nyama. Siku moja alikwenda kwenye kantini ya Wachina wanaojenga barabara, akaagiza tambi zisizo na nyama, akakuta vipande vya nyama chini ya sahani. Alipolalamika wakamwambia avitoe aweke pembeni, ale kilichobaki. Alinisimulia huku anacheka, mimi nikamwonea huruma, nikamwambia awe anakuja kwangu kila siku nitampikia choroko.

Akawa anakuja kweli. Kabla hajakaa anapita dirisha la jikoni na kuniuliza, "Mama, humu hamna kitu kilichokuwa na roho?"

"Hamna, Bapa. Choroko na nazi tu."

Wallahi sikuwa nasema uongo. Au niseme sikujua kama nasema uongo. Kwetu Salale tunachukua uduvi, vile vikamba vidogo vilivyokaushwa, tunavikaanga kidogo kisha tunavitwanga mpaka viwe unga. Kijiko kimoja kinaingia kwenye kila chungu, iwe choroko, mchicha au kisamvu. Bila hivyo mtu atakuuliza kama umesahau chumvi. Hakuna anayeita ule unga kitoweo. Nyama kwetu ni kile kinachochinjwa, na uduvi hauchinjwi. Nina kopo langu jikoni, mama yangu ananiletea, na mkono wangu unalifuata wenyewe bila kuuliza akili.

Miezi mitatu iliyopita binti yake Bapa alikuja kutoka Dar, akaingia jikoni kwangu. "Dada, baba kila nikipiga simu ananisifia choroko zako. Nifundishe." Nikamfundisha kwa furaha zote, kitunguu, tangawizi, manjano, tui jepesi, tui zito. Nikafungua kopo. Akauliza, "Na hicho ni nini?"

Jamani, hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nafanya. Miaka miwili! Nikajisikia nasema, "Uyoga. Uyoga mkavu wa kwetu."

Akanishika mikono. Akaniambia siku ya kuuchoma mwili wa mama yake, Bapa aliapa kwamba kitu chenye roho hakitapita kinywani mwake mpaka wakutane tena. "Mama alikuwa na hofu baba atashindwa. Bila wewe angeshindwa, dada." Mimi mwenyewe nikienda kwa Wachina nauliza mara tatu kama kuna nguruwe. Mtu angenilisha miaka miwili halafu akaniambia ni kiungo tu, ningemfanya nini?

Nilimpigia mama yangu. Akasema, "Uduvi nao nyama, mwanangu wee? Mbona wanijia na makubwa?" Mume wangu akasema nifunge mdomo, asichokijua mzee hakitamuumiza. Hawajamsikia akiniuliza pale dirishani.

Nikaacha kutia uduvi. Nikasema nitanyamaza, ila kuanzia leo atakula safi. Basi Bapa akaanza kubakiza. Kwanza anaacha nusu sahani, halafu ikawa anakula vijiko viwili vitatu tu. Kisha akaugua, na huu mwezi wa pili yuko kitandani kwake, binti amehamia kumuuguza. Chakula cha mtu mwingine hataki kabisa, anaogopa, anasema nje ya mikono yangu hana uhakika. Nampelekea mimi kila mchana. Nikifika, na udhaifu wote ule, bado ananiuliza kama humo hamna kitu kilichokuwa na roho. Sasa ndiyo namjibu kweli, na sasa ndiyo hataki kula. Jana alionja, akasogeza bakuli, akaniambia kwa upole, "Mkono wako umebadilika, mama. Nimekukosea nini?"

Nililia njia nzima. Nimejaribu ukwaju, nimejaribu korosho za kusaga, nimejaribu hata uyoga wenyewe, ladha haikurudi. Binti naye, akidhani kinachokosekana ni uyoga, amenunua wa kila aina Kariakoo. Leo asubuhi amenipigia analia, "Dada, rudisha ule uyoga wako wa Salale, nakuomba. Baba anakwisha."

Nikimwambia ukweli, namwambia mtu anayekufa kwamba kiapo chake kwa mkewe nilikivunja mimi zamani, na hatakula tena chakula cha mkono wa mtu yeyote. Nikinyamaza nikamnyima, anakufa na njaa akidhani nimemchoka. Nikitia, atakula, atapata nguvu, na safari hii nitakuwa namlisha huku najua.

Choroko zimeshaiva, tui zito limeingia, na kopo liko hapa mezani limefunikwa. Saa saba natakiwa niwe kando ya kitanda chake na bakuli, na swali lake nalijua. Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini, nimjibu nini?