Mgeni Aliyelala Garini

Kazini walimwita Taratibu, na jina lilimkaa kama shati la kupimiwa. Alikuwa dereva wa ofisi ya uwekezaji ya jimbo, na kwa mwendo wake hata baiskeli zilimpita zikimpigia kengele. Hakujali. Haraka haraka haina baraka, alisema, na mgeni anayekimbizwa hauoni mji.

Wageni ndio waliokuwa kazi yake. Tangu kiwanda cha nguo kifungwe, mji ulikuwa umepoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Ndipo serikali ya jimbo ikatenga ruzuku ya kuwavuta wenye biashara ndogo za ubunifu kutoka majimbo mengine: waje na kampuni zao, wapewe mtaji na chumba cha kazi, nao waahidi kukaa. Wakaja wa kila namna, kuanzia mfyatua matofali ya plastiki chakavu hadi bwana mmoja aliyetengeneza miguu ya bandia na kuibeba mgongoni kama kuni. Taratibu aliwapokea kituo cha mabasi, akawafungulia mlango wa nyuma, akawazungusha mjini kabla ya usaili. Barabara ya kiwandani aliikwepa. Nani humwonyesha mgeni sufuria yenye masizi?

Njiani aliwatazama kwenye kioo. Asubuhi, ukungu ukiwa haujaondoka, sura ya mgeni ilielea pale kiooni na mapaa ya mji yakapita nyuma yake polepole, hata Taratibu akahisi anaendesha ndani ya usingizi wa mtu. Aliamini jambo moja. Mgeni anayetazama nje atakaa, maana ameshaanza kujichagulia dirisha. Anayelala ataondoka. Mkurugenzi, mama mwenye miwani na haraka zake, alicheka alipoambiwa mara ya kwanza. Baadaye wasinziaji wawili watatu walipochukua ruzuku na kutokomea, akaacha kucheka. Sasa kila usaili ulipokwisha alimwita Taratibu na kumuuliza swali lile lile: kalala, hakulala?

Taratibu mwenyewe alikuwa na binti mmoja, na huyo naye alikuwa amevutwa. Jimbo jirani lilimpa ruzuku wakati kwao hakukuwa na kitu, akaenda na kifaa chake kidogo cha kupima unyevu wa nafaka, kinachomshtua mwenye ghala kabla mahindi hayajaota ukungu. Kila Taratibu alipomfungulia mgeni mlango alijiuliza huyu ni mtoto wa nani, na nani kule anamfungulia wake. Alitaka arudi. Hakuwahi kumwambia, maana mtoto si mbuzi wa kufungwa kamba, lakini alitaka sana.

Kisha asubuhi moja akatajiwa mgeni wa wiki ile, na mgeni alikuwa binti yake. Kampuni ilikuwa ya jimbo jirani, kwa hiyo kanuni hazikumzuia, na Mkurugenzi alijua fika ni mtoto wa nani. Nyumbani mke wa Taratibu akafua mapazia ya chumba kisichokuwa na mtu, akayaanika, akayafua tena.

Binti alishuka basini na begi lake, macho mazito.

"Shikamoo baba. Nikae mbele au nyuma?"

"Marahaba, mama. Wageni hukaa nyuma."

Wakacheka wote wawili. Kabla hawajafika darajani, kichwa cha binti kilikuwa kimeegemea dirisha. Taratibu akakohoa. Akapiga honi barabara ikiwa tupu. Akalipitisha gari makusudi kwenye shimo ambalo miaka yote alilikwepa, lakini binti akajigeuza tu na kujifunika koti. Mji ukapita wote, soko, shule, bustani iliyomwagiwa maji, bila mtu wa kuutazama. Taratibu alitamani kulia.

Usaili ulipokwisha Mkurugenzi akamwita, akauliza. Angeweza kudanganya, shahidi hakuwepo.

"Kalala, mama. Tangu darajani."

Mkurugenzi akavua miwani. Akamuuliza kama anajua anachokisema, naye akajibu kwamba anajua.

Nyumbani mkewe alimpasha. Mtoto kasafiri njia yote ile, baba mtu anakwenda kumshtakia usingizi! Akataka kujua kama serikali imeyaajiri na macho yake pia. Taratibu aliogopa kwamba amemfungia mwanawe mlango kwa mdomo wake mwenyewe. Alipokuwa akimrudisha kituoni akamweleza kila kitu. Binti akasema, "Ulisema ulichokiona, baba," akapanda basi.

Siku zikajivuta kama ndoto ya mchana. Hatimaye Mkurugenzi akamwita, akamwambia aketi. Alikuwa amempigia simu mwenzake wa jimbo jirani, yule anayegombania naye wageni kila mwaka, akamwomba amuulize dereva wao.

"Anamkumbuka vizuri," akasema. "Alimzungusha kwenye maghala ya jimbo zima, safari za kutwa nzima. Hakuwahi kumwona akifumba macho."

Taratibu akainamisha kichwa.

"Na kule hataki kukaa," Mkurugenzi akasema. "Jumatatu nenda kampokee."

Taratibu akaenda kukaa garini bila kuliwasha. Zamani alikuwa dereva wa lori la kiwanda, na binti, angali mdogo, alipenda kumsindikiza. Hata geti hawakulipita kabla hajalala, na kila jioni alimbeba mpaka ndani. Miaka yote ile alimbeba, halafu siku moja akamtazama kiooni akamdhania mgeni.

Jumatatu binti hakuuliza akae wapi. Aliingia nyuma, na darajani walifika akikoroma. Taratibu akashika barabara ya kiwandani, maana hakuwa na mtu wa kumficha kitu. Akapita kuta zilizoota nyasi, taratibu kuliko siku zote, akasimama mlangoni kwake na kuzima gari. Mkewe akatoka mbio, lakini alipomwona mumewe ameweka kidole mdomoni akapunguza hatua, akainama dirishani.

"Kalala?" akanong'ona.

"Kalala," Taratibu akajibu, na machozi yakamlenga.