Hina ya Koulsoum Langoni mwa Kiwanda

Koulsoum alizaliwa Ambanoro, kule kisiwani Nosy Be, Madagaska, na tangu utotoni akishakaa mahali hakuna wa kumwondoa ila kwa kumbeba. Mumewe alipofariki, mwaka wa sabini na tisa, alivuka na binti zake wawili hadi Mahajanga. Ndugu walimkataza, maana Wangazija wenzao wengi walikuwa wameukimbia mji ule miaka michache nyuma, baada ya mamia yao kuuawa. Akawajibu kwamba binti zake wanakula kila siku. Kando ya mfereji, penye matope na kaa tu, kilikuwa kimejengwa kiwanda cha kugandisha kambamiti, nacho kilitaka wanawake wa kumenya.

Akaandikishwa, aanze Jumatatu. Ijumaa iliyotangulia akaolewa binti wa shangazi yake pale pale mjini, na kwao mwanamke wa nyumbani haendi arusini na mikono mitupu. Wakampaka hina mpaka vifundoni mwa mikono.

Jumatatu asubuhi msimamizi, mtu wa nyanda za juu, alikuwa langoni akikagua kucha. Hina hakuijua. Akamuuliza kwa Kimalagasi ni uchafu gani ule, akasema kambamiti wanakwenda Ulaya, basi arudi rangi ikitoka. Rangi ile haitoki chini ya mwezi, na nyuma ya Koulsoum walisimama wanawake arobaini wakiitaka nafasi yake.

Hakusogea.

Msimamizi naye hakuwa mtu mbaya. Akaagiza limau, ajisugue. Foleni nzima ikaziba midomo kwa leso, kwa sababu hina ya arusi huchanganywa na limau makusudi ili ikolee. Koulsoum alijua vizuri, lakini alisugua, yule bwana aone mwenyewe. Haikupauka hata chembe.

"Endelea, dada," akasema jirani yake kwenye foleni, Hayrat. "Kufika adhuhuri utakuwa bibi arusi wewe."

"Nyamaza, nisije nikakusugua wewe."

Kisha akaomba beseni jeupe, maji, barafu na kambamiti kilo moja. Akachutama pale pale langoni, akatumbukiza mikono, akaanza kumenya. Barafu ilimuuma hadi kwenye viwiko, vidole vikafa ganzi, asivute mkono hata mara moja. Alipomaliza akalisukuma beseni miguuni mwa msimamizi.

"Tazama maji, bwana. Ukiona wekundu, nitaondoka mwenyewe."

Yule bwana akainama. Akachukua kambamiti mmoja, akamgeuzageuza juani, akamnusa, akafuta kidole kwenye shati lake jeupe akalitazama. Maji yalikuwa maji.

"Ingia, Ramatoa," akasema, na Ramatoa kwao ni kumwita mtu bibi kwa heshima.

Koulsoum hakushukuru. Aliuliza aproni ziko wapi.

Alimenya pale miaka kumi na saba, kwa buti za mpira, maji yakipita chini ya meza kuelekea mferejini. Binti zake wote wawili walisoma.