Pampu Yangu Ilikausha Mtumbwi Mpaka Ukazama

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabla sijapata akili ya kulizungusha, maana kwa kuzungusha maneno mimi sijambo.

Mimi ni fundi. Nipo Newala, natengeneza simu, redio na sola, na mdomo ninao. Mjomba wangu, kaka yake mama, anaishi huko bondeni, kando ya mto Ruvuma. Ana mtumbwi wa kuvusha watu kwenda ng'ambo, Msumbiji, kwa ndugu zao. Pale anapovushia mto umebanwa na mawe. Masika ikichanganya maji yanachemka povu, yanaruka, yanaingia mtumbwini. Ndiyo maana kazi ile ilikuwa ya watu wawili: mjomba mbele anasukuma kwa upondo, Mama Hadija nyuma anachota maji kwa kopo na kuyamwaga mtoni. Miaka na miaka! Mama huyo ni mjane, na watoto wake wamekula na kusoma kwa kopo lile.

Sasa mimi, mjuaji wa mjini, nikaona kwenye simu Wazungu wanashuka maporomoko na vijimtumbwi vyao, ndani kuna kapampu ka umeme. Unabonyeza, maji yanatoka yenyewe. Moyo ulinidunda! Nikapanda gari mpaka Masasi, nikahangaika sokoni siku nzima, nikakapata. Kadogo, kama kopo la maziwa, kanatumia betri ya pikipiki.

Nikashuka nako bondeni kichwa kimevimba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, fundi wangu. Umetuletea nini?"

"Maendeleo."

Mngenisikia! Mama Hadija nikamwambia mbele za watu, "Mama, pumzisha mgongo. Mambo ya kopo yamepitwa na wakati." Akanitazama, akasema, "Haya, mwanangu. Ila maji hayajui kusoma simu." Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Mjomba akamwondoa kazini siku ileile kwa maneno yangu. Mama wa watu akaenda kukaanga vitumbua.

Hapa sasa ndipo penye aibu, na kama hukukulia Newala hutanielewa. Huku kwetu juu mlimani maji ni ya shida, tunayaheshimu kuliko wakwe. Mtu akinawa mikono, chini pana beseni. Maji hayo yataosha vyombo, kisha yatakwenda kwenye mchicha. Mama yangu hakuwa mtu wa fimbo, lakini nilipomwaga kata moja ya maji ya kunywa alinichapa mpaka majirani wakaja kuniombea. Mkono wangu kumwaga maji haujui kabisa.

Basi safari ya kwanza ya pampu, ndani tupo mjomba, mimi, abiria watatu, na Mama Hadija mwenyewe, anakwenda kumwona dada yake mgonjwa. Tukafika kwenye mawe, maji yakaanza kuruka ndani. Nikabonyeza. Pampu ikavuta! Mpira wa kutolea maji ninao mkononi, natazama maji yale, ya tope lakini maji, yanataka kurudi mtoni bure bure. Roho ikaniuma. Katikati ya mtumbwi nilikuwa nimeweka pipa la plastiki, nilitaka wakati wa kurudi nilijaze nipande nalo nyumbani. Nikatumbukiza mpira pipani.

Chekeni tu. Mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka nikalia.

Chini pakawa pakavu kabisa! Abiria wananimwagia sifa, "Fundi, hata kandambili hazilowi!" Mjomba yuko mbele, ametupa mgongo, anapambana na mawe. Ukingo wa mtumbwi unazidi kushuka, na hakuna anayeutazama isipokuwa mtu mmoja.

"Fundi," akaniuliza Mama Hadija, "hayo maji yanakwenda wapi?"

"Pipani, mama."

"Na pipa liko wapi?"

Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Kwani huoni? Au macho umeyaacha kwenye vitumbua?" Abiria wakaangua kicheko.

Hawakukimaliza. Wimbi lilitupiga ubavuni, pipa likalala, mtumbwi ukalala nalo. Kufumba na kufumbua wote tumo majini, tunang'ang'ania mawe na kumwita Mungu kila mtu kwa dini yake. Mguu wa mjomba ulibanwa kati ya mtumbwi na jiwe ukavunjika. Aliyemkamata ukosi wa shati akamburuta mpaka pakavu ni Mama Hadija. Mtumbwi ulipasuka. Pipa na pampu vikaenda na mto.

Hakufa mtu. Ningeishia hapo ningekuwa mjinga tu, na mjinga husamehewa.

Lakini watu wakajaa kivukoni wakiuliza imekuwaje. Macho yote kwangu. Nikafungua huu mdomo wangu: "Si mlimsikia Mama Hadija? Alisema maji hayajui kusoma simu! Aliondolewa kazi, ana kinyongo, ametuapiza!"

Mama alijitetea mara moja tu. "Mpira ulikuwa pipani," alisema. Wakamuuliza, "Pipa gani?" Pipa halipo! Abiria wale watatu, waliosikia kila neno, wakatazama miguu yao. Nani akubali kwamba alimcheka mtu aliyekuwa anamwokoa?

Basi, neno likakimbia kuliko bodaboda. Watu wazima, wengine wana simu mbili mbili, wanaamini mtumbwi umezamishwa na ulimi wa mjane! Vitumbua vyake vinapoa sinia zima. Akipita kisimani wanawake wanavuta watoto wao. Msibani mwezi uliopita alikaa peke yake upande mzima wa jamvi, nikamwona, nikageuza uso. Na mimi? Mimi napewa pole! Naambiwa husuda ya watu imeua ufundi wangu. Napokea pole hizo na chai juu yake.

Juzi mjomba aliniita. Anatembelea fimbo. Mtumbwi mpya unachongwa, anataka nilete pampu nyingine, na Mama Hadija asikanyage kivukoni tena. Nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote, mpira, pipa na ule uongo. Akaniuliza:

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu, mjomba."

"Basi bado hujasema. Ulimchafua mbele za watu, utamsafishia chumbani kwangu?"

Nikatoka pale nikakimbilia kuwaandikia ninyi. Bila jina! Mnaona nilivyo mwoga? Jina la yule mama nimelitaja humu mara ngapi, langu hata mara moja.

Jamani, pampu nunueni, ni kitu kizuri, lakini maji yatoeni nje. Na ukikosea, sema palepale, mbele ya walewale, kabla kosa lako halijavishwa mtu mwingine. Likishamkaa, kumvua ni kazi, maana wewe mwenyewe unaanza kuliona linampendeza.

Ijumaa hii watu wakitoka msikitini nitasimama pale nje niseme kila kitu. Niliapa hivyohivyo Ijumaa iliyopita.