Kichwa cha Baba Mdogo

"Mazoezi, mazoezi! Mtu hata kikombe kinanishinda, ananiambia nipandishe vidole ukutani kama mjusi!"

Mama mdogo akaitupa simu kwenye kochi. Nesi ndiyo kwanza alikuwa amekata.

"Na usipandishe," baba mdogo akasema. "Kazi ya mgonjwa ni kulala. Nimesema toka zamani."

"Hebu nyamaza na wewe."

"Sasa si nakutetea?"

"Nani kakutuma?"

Ndivyo walivyoshinda tangu amri ya kutotoka nje. Huko mitaani watu walikuwa wanaogopa ugonjwa mpya. Mama mdogo alikuwa na wake tayari, saratani ya titi. Alishapasuliwa upande wa kulia, akatundikiwa madripu mpaka nywele zikapukutika zote. Ilibaki mionzi. Ila nesi alimwambia bila kuzunguka: kwenye ile mashine unalala chali, mkono umeuinua juu ya kichwa, umetulia. Usipopanda, unarudishwa nyumbani. Na wa kwake ulikuwa unaishia usawa wa bega. Hapo basi, kama dirisha lililokwama.

Huyu mama ni msusi. Miaka yote amesimama, mikono juu, anasuka vichwa vya watu mpaka jioni miguu imemvimba, na mdomo haujapumzika. Ukitoka kwake umepata nywele na habari za mtaa mzima. Saluni ilipofungwa, mimi ninayeishi kwao na baba mdogo tukabeba kiti chake cha kuzunguka mpaka nyumbani, kikawa cha kurundikia nguo chafu. Yeye akawa mtu wa kochi. Asubuhi kochi, mchana kochi. Unampelekea uji, unapoa. Anasema amechoka, ukimuuliza umechoka na nini, anageukia ukuta. Hata umbea ulimshinda, hapo ndipo nilipoogopa.

Baba mdogo anaendesha lori. Wenzake wanamwita Breki, maana hajawahi kukimbiza gari tangu azaliwe. Naye alikuwa nyumbani, malori yamesimama, vinyozi wamefunga. Nywele zikamwota kama mtu aliyesusa.

Jioni ya ile simu ya nesi, mama mdogo alimkodolea macho muda mrefu.

"Mzee, hicho kichwa au kiota?"

"Niache."

"Njoo ukae hapa chini."

"Nisukwe? Mimi? Na umri huu? Wewe pumzika bwana."

"Nimepumzika mpaka nimechoka. Kaa."

Akakaa sakafuni kati ya magoti yake, ananung'unika. Mkono wa kushoto ndio uliofanya kazi, wa kulia unasaidia kwa mbali. Mstari mmoja tu, pumzi ikakata. Akalala na kitana mkononi. Kesho yake akaufumua, akaanza upya.

"Ulikosea?" baba mdogo akauliza.

"Sijakosea. Geuka."

Sakafuni alipopazoea, akamhamishia kwenye kigoda. Kisha kwenye kiti cha kawaida, yeye amesimama nyuma. Mwisho akaniambia nitoe zile nguo chafu, akamkalisha kwenye kiti cha kuzunguka, akakanyaga pedali kimpandishe. Kila kichwa kilipopanda, mkono ulilazimika kukifuata. Kwapani palikuwa panamvuta, unaona uso unavyojikunja. Siku nyingine alisuka kidogo, akaenda chooni akafungua bomba tusimsikie analia. Tulimsikia. Siku nyingine hakuamka kabisa, na baba mdogo alishinda hivyohivyo, kichwa nusu shamba nusu pori, anampikia uji.

"Utajiumiza," alikuwa anasema kila akikaa.

"Haya."

"Nakwambia utajiumiza."

"Inamisha kichwa, unaongea sana."

Basi ikabaki siku moja, kesho yake ni hospitali kwa mionzi. Alikuwa amebakiza mstari wa utosini simu ikalia. Ni bosi wa baba mdogo: dereva mmoja ameugua, lori limeshapakiwa dawa, aje sasa hivi. Baba mdogo akavaa buti, akachukua barakoa na kofia.

"Hutoki hivyo," mama mdogo akasema. "Watasema mkeo hajui kusuka."

"Nitavaa kofia."

"Simama hapo."

Akasimama mlangoni. Breki ni mrefu, mama mdogo anamfika kifuani. Akanyanyuka kwa vidole vya miguu, akapeleka mikono yote miwili juu. Wa kulia ukapanda polepole, jasho linamtiririka kwenye kile kipara chake.

"Si umuinamie kidogo?" nikamwambia baba mdogo.

 Ndipo nikaona alikuwa amenyoosha shingo makusudi, kidevu juu, anatazama dari.

Alichukua muda. Msuko wa mwisho ulipoisha, mama mdogo hakuushusha mkono. Aliuweka utosini pake mwenyewe, akafumba macho, akatulia hivyo, anahema. Baba mdogo naye hakusogea. Simu ikalia tena mfukoni, akaiacha ilie.

"Nenda," mama mdogo akasema, mkono bado uko juu. "Wagonjwa wenzangu wanasubiri dawa."

"Kesho nani atakusindikiza?"

"Huyu hapa si yupo? Nenda."

Akavaa kofia taratibu, asiharibu mstari, akatoka.