Neno Lililokatazwa Nyumbani kwa Fundi

Katika nyumba ya fundi cherehani, ugonjwa haukutajwa kwa jina lake. Mafua yaliitwa changamoto ya pua. Siku ya njaa mkewe alisema, "Tumeshiba kwa imani," na watu wakalala na matumbo yakinguruma kimyakimya. Mkewe aliongoza kikundi cha maombi cha wanawake, waliomwita Mama Kiongozi, na somo lake lilikuwa moja mwaka mzima: ulimi huumba. Ukisema u mgonjwa, umeupa ugonjwa kiti ukae. Sema umepona, kwa jina la Yesu, hata kama meno yanagongana.

Kwa hiyo Fundi alipoanza kutoona, hakusema.

Ilianzia pembeni. Watu walimtokea ghafla, kana kwamba wamesukumwa kutoka ukutani. Alijigonga bega kwenye mlango wa duka lake mwenyewe, mlango alioupita miaka kumi na tisa. Dunia ilizidi kumbana mpaka akawa kama anaichungulia kwenye bomba, na mwishowe jicho la kulia likazima kabisa. Aliendelea kushona kwa dole gumba, akipapasa pindo. Siku moja suruali ilitoka mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mteja akaivaa palepale, akajitazama, akauliza, "Fundi, ulinipima nimesimama mtaroni?" Watu wakacheka. Naye akacheka nao.

Kila asubuhi alikuta sindano kumi na mbili zimechomekwa kwenye kimto chake cha pamba, zote zimeshatiwa uzi, nyeusi sita na nyeupe sita. Mkewe ndiye aliyezitia. Hakuwahi kuuliza kwa nini mumewe hazitii mwenyewe, na mumewe hakuwahi kumshukuru. Kushukuru kungekuwa kukiri.

Dada mkubwa wa Fundi, mpishi wa shule, mwanamke asiyetafuna maneno, alimwona akitembea akiwa ameinua mikono kidogo mbele yake. Akamkokota hadi kliniki ya macho, akamwacha kwenye foleni na kukimbilia masufuria yake. Muuguzi aliuliza bila kuinua kichwa, "Mzee, shida yako ni kuona au kuwashwa?"

Mdomo wa Fundi ulijibu kabla yake. "Kuona naona, dada. Naona vizuri, kwa jina la Yesu."

Nyuma yake walikuwa watu sitini. Muuguzi akaandika, akampa dawa ya matone ya kutuliza kuwashwa. Fundi aliitia miezi minane, kwa uaminifu, kwenye macho ambayo hayakuwahi kuwasha.

Jumapili moja dada yake alimtembelea akamkuta akimimina chai nje ya kikombe. Akaichukua ile chupa ya matone mezani, akaisoma, kisha akamgeukia wifi yake aliyekuwa akikunja nguo.

"Wifi, umemfunga ndugu yangu mdomo mpaka anamdanganya muuguzi."

"Sijamfunga, namfunika kwa neno. Wewe ndiye unayemtamkia upofu tangu uingie humu."

"Upofu haungoji mimi nitamke. Yule kipofu wa njiani, Bwana alimwuliza anataka nini. Alijibu kwamba anaona vizuri?"

"Usinifundishe Maandiko. Kanisani unakuja siku za harusi tu, tena unakuja kwa ajili ya pilau."

"Na sindano zile unamtilia nani uzi? Mdomo wako unasema anaona, mikono yako inajua haoni. Mungu asikilize kipi?"

Mama Kiongozi alikunja shati lilelile mara mbili. Kisha akasema polepole, "Uchungu wa kukosa mume utakumaliza, wifi."

"Afadhali. Ulimi wangu haujazika mtoto."

Shati likaanguka.

Miaka kumi na minne kabla ya hapo, mtoto wa kwanza wa Fundi na mkewe alishikwa na homa siku tatu, akilia usiku na mchana. Siku ya tatu mama yake, macho mekundu, alimwambia, "Kama unakufa, si ufe tu nipumzike." Kesho yake alikufa. Dada yake Fundi alikuwa mlangoni na bakuli la uji, akasikia, akaliweka neno lile kama kisu kilichoviringishwa kitambaani. Na tangu mazishi, mama yule alilinda kila kinywa cha nyumba yake kama askari wa lango. Watu waliita hiyo imani. Sehemu yake ilikuwa imani kweli. Iliyobaki ilikuwa hofu iliyojifunza kuomba.

"Mimi pia nilisikia siku ile," Fundi alisema kutoka kitini. "Nilikuwa nyuma ya pazia."

Mkewe alimtazama kama mtu aliyevuliwa nguo.

"Homa ndiyo iliyomwua mwanangu. Mungu hapokei amri kutoka kwa mama aliyekosa usingizi. Nilipaswa kukwambia siku ileile, nikanyamaza, nawe ukabaki peke yako na neno lako. Dhambi hiyo ni yangu. Na sasa nisikilize, mke wangu. Sioni."

"Futa kauli hiyo."

"Siifuti. La kulia limekufa. La kushoto linakwenda. Nimemwambia Mungu leo asubuhi, na sikumwona akishtuka."

"Ulimwambia Mungu kabla yangu?"

"Yeye hakunikataza."

Kesho yake walikwenda kliniki watatu, wamekaa benchi moja, Fundi katikati kama ukuta wa mpaka. Wanawake wale hawakusalimiana. Baada ya vipimo daktari alitoka na kadi mkononi. Ni presha ya macho, alisema. Jicho lililopotea halirudi. Lililobaki wangeweza kulilinda, kama angetumia dawa kila siku maisha yake yote.

"Tatizo lilianza lini?"

Midomo ya Fundi ilianza kutafuta jibu la mazoea. Mkewe akamtangulia.

"Mwaka juzi, mwezi wa tatu. Nilimwona akipapasa kutafuta mkasi uliokuwa mbele yake. Nikamsogezea."

Daktari akaandika.

"Mwaka juzi," dada mtu alisema.

"Ndiyo, wifi. Mwaka juzi. Sema unachotaka kusema."

Dada mtu alikuwa nalo neno la kumjibu, kali kama lile la jana. Lilikuwa limemjaa kinywani, hata daktari aliliona akarudi nyuma hatua moja. Akalimeza, akainuka, akaenda kukaa benchi la mbali.