Vigingi Nilivyong'oa Uwanjani

Mimi ni fundi wa majiko karibu na soko la Gikomba. Shule niliiacha mapema, lakini macho ninayo. Siku hizi ukiona uwanja umepigwa vigingi, jua umeshanyakuliwa. Choo chetu kilienda hivyo, hata njia ya kwenda chooni ikaenda. Kwa hiyo asubuhi nilipokuta vigingi vimejaa kwenye uwanja wa mpira, ambao ndio pekee tuliobaki nao, sikuuliza mtu. Nilivichomoa vyote kabla ya chai.

Mama Atieno, mwenyekiti wa akina mama, alikuwa amenialika kwenye mikutano yao ya mazingira. Sikwenda. Mkutano wenye soda mimi huutilia shaka, ingawa soda yenyewe naipenda.

Mchana mbunge akaja uwanjani, watu wakajaa. Nikajua huyu ndiye mnyakuzi, amekuja kutuzuga. Nikasimama bila kupewa nafasi, nikainua kigingi kimoja.

"Mheshimiwa, hiki ni chako! Nimeng'oa vyote, na ukipiga vingine nitang'oa!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Atieno akajishika kichwa.

"Yawa, mzee! Hivyo ni vyetu! Ni alama za mashimo ya miti. Tulitaka mheshimiwa apande kwa mkono wake, mbele ya watu wote, ndiyo ashindwe kuuza uwanja!"

Mbunge akatazama pikapu iliyojaa miche, kisha akanitazama mimi. Akatabasamu.

"Basi, mama, kama wananchi wenyewe wanang'oa, mimi nitapandaje?"